Sura ya Tano: Wimbo Mmoja, Wenyewe Wanne

Gisenyi na Goma ni miji miwili iliyoshikana mabega kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu. Mpaka wa Rwanda na Kongo umepita katikati yake, lakini muziki haujawahi kuonyesha kitambulisho pale Petite Barrière. Rumba ya Kinshasa, Bongo Fleva ya Dar es Salaam na nyimbo za Kinyarwanda huchezwa jioni moja, katika baa moja, kwa wateja walewale. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wasikilizaji hao, na Rwanda yenyewe ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Tena Gisenyi imezoea makubaliano ya kimataifa: CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati huo, iliundwa hapa Gisenyi mwaka 1976 na makao yake yakawekwa hapa.

Sanaa nayo ina mizizi mirefu katika wilaya ya Rubavu. Shule ya sanaa ya Nyundo, kilomita chache kutoka mjini, ilianzishwa mwaka 1952. Mwaka 2014 ikafunguliwa hapo shule ya muziki ambayo baadaye ilihamishiwa Muhanga, ikiwa imekwisha kutoa wasanii kama Ariel Wayz na Kenny Sol. Upande wa pili wa mpaka, Goma imemtoa Innoss'B, ambaye mwaka 2019 alirudia wimbo wake "Yo Pe" pamoja na Diamond Platnumz, na masikio ya Afrika Mashariki yote yakageukia Kivu. Vipaji vipo. Kinachokosekana ni karatasi, na sura hii inahusu karatasi hiyo.

Tuchukue mfano. Binti wa Gisenyi ameandika maneno ya wimbo, nusu Kinyarwanda na nusu Kiswahili, na kuuimba. Kijana wa Goma amemtengenezea biti kwenye kompyuta yake. Rafiki yao mwenye sauti nzuri ameingiza kiitikio. Mfanyabiashara mmoja wa mjini amelipia studio, video na matangazo. Wote wanne ni marafiki, na siku ya kurekodi hakuna aliyeshika kalamu. Miezi sita baadaye wimbo umeshika chati, na kila mmoja anasema: "Wimbo ni wangu." Ajabu ni kwamba wote wanne wanasema kweli.

Haki huzaliwa pamoja na wimbo

Wasanii wengi huamini kwamba wimbo ambao haujasajiliwa hauna mwenyewe. Si kweli. Mkataba wa kimataifa wa Berne, ambao Rwanda ni mwanachama wake tangu mwaka 1984 na Kongo tangu miaka ya 1960, unakataza kabisa kufanya usajili kuwa sharti la ulinzi. Kazi ya sanaa inalindwa tangu inapotungwa, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Rwanda iliweka kanuni hiyo katika sheria yake ya mali bunifu ya mwaka 2009, kisha ikatunga sheria mpya mwaka 2024. Kongo ina sheria yake ya hakimiliki ya tarehe 5 Aprili 1986.

Mkataba huohuo unampa nguvu yule kijana wa Goma. Nchi mwanachama inatakiwa kumlinda mtunzi wa nchi nyingine mwanachama kama inavyomlinda raia wake. Akivuka kuja Gisenyi na kukuta biti yake imetumika bila ruhusa, anasimama mbele ya sheria ya Rwanda kwa miguu ileile anayosimamia Mnyarwanda. Hahitaji kuwa na makazi Rwanda, wala hahitaji kuomba fadhila.

Kwa nini basi watu husajili kazi zao Rwanda Development Board? Kwa sababu ya ushahidi. Haki unayo, lakini mbele ya hakimu utaulizwa unaithibitishaje. Cheti cha usajili chenye tarehe hujibu swali hilo haraka. Faili ya kwanza ya mradi wa wimbo, ujumbe wa simu mliokubaliana, rekodi ya mwanzo ya sauti na risiti ya studio navyo husaidia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na muziki wa ukanda wetu umepoteza mali nyingi kwa njia hiyo.

Wanne hao ni akina nani mbele ya sheria

Wa kwanza ni mtunzi wa maneno. Wa pili ni mtunzi wa muziki, na katika studio za leo mara nyingi huyu ndiye mtengeneza biti. Hawa wawili wana hakimiliki. Wa tatu ni mwimbaji au mpiga ala aliyetoa sauti yake: huyu ana hakishiriki, yaani haki ya mtu aliyeifanya kazi ya mtunzi isikike. Wa nne ni mtoa rekodi, mtu au kampuni iliyoanzisha na kusimamia kurekodiwa kwa wimbo, ambaye naye ana hakishiriki juu ya rekodi yenyewe. Binti wetu ni mtunzi na mwimbaji kwa pamoja, kwa hiyo ana haki mbili. Mfanyabiashara ni mtoa rekodi. Lakini hakuandika neno hata moja, na fedha zake hazimfanyi mtunzi.

Juu ya hayo, haki ya mtunzi ina sura mbili. Upo upande wa uchumi: kuruhusu au kukataza wimbo kunakiliwa, kutangazwa, kuuzwa, kuwekwa kwenye filamu. Huo unaweza kuuzwa. Upo pia upande wa heshima: kutajwa jina na kuzuia kazi isiharibiwe. Ukiuza haki zako zote za kiuchumi leo, jina lako linabaki kuwa lako. Anayelifuta kwenye wimbo na kuweka lake anakosa, hata kama alikulipa vizuri.

Mtengeneza biti ndiye anayesahaulika kuliko wote. Wengi hulipwa ujira wa siku moja, kisha jina lao halionekani tena. Wengine huchukua biti ya kukodi kwenye intaneti, wakiamini kwamba waliyoilipia imekuwa yao, kumbe leseni yake inaruhusu mamia ya watu kuimba juu ya biti hiyohiyo. Mwaka 2019 Afrika Mashariki iliona uzito wa jambo hili pale prodyuza wa Kenya, Magix Enga, alipodai kwamba wimbo "Uno" wa Mtanzania Harmonize ulichukua sehemu ya biti ya "Dundaing". YouTube iliondoa video ya "Uno" kwa muda. Msanii mkubwa mwenye uongozi, wanasheria na mamilioni ya mashabiki alikuta kazi yake imezimwa kwa malalamiko ya mtu wa studio. Kwa msanii mchanga wa Rubavu, kuzimwa wiki mbili za kwanza za wimbo ni sawa na kuzimwa moja kwa moja, kwa sababu huo ndio wakati wimbo unapotafuta masikio.

Kuuza na kuruhusu

Mkataba wa msanii una swali moja kubwa: unauza au unaruhusu? Mwenye mwembe anaweza kumuuzia jirani maembe ya msimu huu, na mti ukabaki wake. Anaweza pia kuuza mti wenyewe, na msimu ujao akapita njiani akiangalia wengine wakichuma. Kuruhusu, yaani kutoa leseni, ni kuuza maembe. Kuhamisha haki ni kuuza mti. Yote mawili ni halali, lakini bei zake haziwezi kuwa sawa, na ole wake anayetia saini ya pili akidhani ni ya kwanza.

Afrika ina funzo chungu kuhusu hili. Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, alirekodi "Mbube" mwaka 1939. Haki za wimbo huo zilihamishwa kwa kampuni ya kurekodi kwa shilingi kumi. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, wakati wimbo wake, uliokuwa umepewa jina la Kiingereza na maneno mengine, ukizunguka dunia. Uliingia hata kwenye filamu ya simba ya Disney ya mwaka 1994, ambayo watoto wa Gisenyi nao wameitazama. Mwaka 2004 warithi walifungua kesi wakitegemea sheria ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyorudisha haki kwa familia miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Mwaka 2006 walipata suluhu. Haki ilifika, lakini ilifika kwa wanawe, si kwake.

Karibu nasi, Harmonize alipotoka lebo ya WCB Wasafi mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 za Tanzania ili awe huru. Hapa hoja si nani alikuwa na haki kati ya msanii na lebo. Lebo hutumia fedha nyingi kumjenga msanii asiyejulikana, na ina haki ya kurejesha gharama zake. Hoja ni kwamba bei ya kutoka huandikwa siku ya kuingia. Msanii anayefurahia gari na nyumba ya kupanga bila kusoma kifungu cha kuvunja mkataba ameacha ukurasa muhimu kuliko yote.

Rwanda ina sheria ya mikataba ya mwaka 2011, na misingi yake inamsaidia msanii. Mkataba unahitaji ridhaa ya kweli na watu wenye uwezo wa kisheria. Kijana wa miaka 16 mwenye sauti ya dhahabu hawezi kufungwa na saini yake mwenyewe kama mtu mzima. Lebo inayomtaka inapaswa kukaa na mzazi au mlezi wake, na hilo linamlinda mtoto na lebo pia, kwa kuwa mkataba wa mtoto unaweza kubatilishwa. Meneja mwaminifu hukwenda nyumbani, huketi, huwaambia, "Mama, Baba, someni kwanza, mpelekeeni na mtu mnayemwamini," kisha hurudi wiki inayofuata.

Kuna pia suala la lugha. Mikataba mingi huja kwa Kiingereza au Kifaransa, ilhali wanaotia saini huishi kwa Kinyarwanda na Kiswahili. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda na ni mojawapo ya lugha za taifa nchini Kongo. Hakuna kinachowazuia mtu wa Gisenyi na mtu wa Goma kuandikiana kwa lugha wanayoiota usiku. Ikibidi kuwe na nakala mbili za lugha tofauti, mkataba useme ni ipi itakayofuatwa zikipishana.

Pesa za wimbo hupita wapi

Wimbo uliotoka salama huingiza fedha kwa milango mingi, na kila mlango una bawabu wake. Redio, hoteli na baa zinazocheza muziki hadharani zinatakiwa kulipa, na kwa kuwa msanii hawezi kuzunguka kila baa kudai, kazi hiyo hufanywa na chama cha usimamizi wa pamoja. Rwanda ina RSAU, iliyoundwa mwaka 2010. Kongo ina SOCODA, iliyochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011. Wimbo wetu ukipigwa kwenye hoteli ya ufukweni Gisenyi, mirabaha yake huanzia RSAU. Ukipigwa Goma, huanzia SOCODA. Vyama vya nchi tofauti hukusanyiana pale tu vinapokuwa na makubaliano kati yao, kwa hiyo kila mmoja wa wanne wetu anapaswa kuuliza chama chake swali hili kwa maandishi: mnanikusanyia ng'ambo ya mpaka, au hapana? Asiyejiandikisha hata kwenye chama cha nchi yake hana pa kuulizia.

Hapa pia ndipo wanapoingia wapigaji wa igisope, zile bendi za baa zinazoimba nyimbo za wengine wikendi. Karahanyuze, yaani nyimbo za zamani za miaka ya 1970 na 1980, zimewalisha wanamuziki wengi wa jukwaa, na ni jambo jema zikiendelea kuishi. Lakini watunzi wake au warithi wao wana fungu katika jioni hiyo. Mwenye baa mwenye leseni ya kucheza muziki hadharani amewalipa kupitia chama. Asiye na leseni anauza bia kwa jasho la marehemu.

Mlango mwingine ni simu. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, iliamuru kampuni iliyoendesha mtandao wa Tigo iwalipe wasanii AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 za Tanzania kwa kutumia nyimbo zao "Dakika Moja" na "Usije Mjini" kama miito ya simu bila ridhaa yao. Kesi iliendelea hadi ngazi ya rufaa, lakini somo lake lilikuwa limekwisha kusambaa: kampuni haisafishiki kwa kusema ilinunua nyimbo kutoka kwa mtu wa kati. Anayetumia ana wajibu wa kuhakikisha kwamba anayemuuzia ndiye mwenye mali. MwanaFA, Hamis Mwinjuma, baadaye akawa naibu waziri mwenye dhamana ya utamaduni, sanaa na michezo.

Mlango wa tatu ni picha. Mei 2022, Sauti Sol wa Kenya waliulalamikia hadharani muungano wa kisiasa wa Azimio kwa kuutumia wimbo wao "Extravaganza" wakati wa kumtangaza mgombea mwenza. Tofauti waliyoisimamia ni muhimu kwa kila mpiga video wa Rubavu. Leseni ya kucheza wimbo kwenye mkutano haikupi ruhusa ya kuuoanisha na picha kwenye video ya kampeni au tangazo. Hiyo ni ruhusa nyingine, na huombwa kwa mtunzi na kwa mwenye rekodi.

Jukwaani

Gisenyi inajua nguvu ya wafadhili. Primus hutengenezwa hapahapa katika kiwanda cha Bralirwa, na kati ya mwaka 2011 na 2018 bia hiyo ilibeba Primus Guma Guma Super Star, shindano lililowazungusha wasanii mikoani na kuwafanya mastaa wa taifa zima. Mkataba wa jukwaa kama hilo hauishii kwenye malipo ya usiku mmoja. Unaweza kumpa mfadhili ruhusa ya kutumia uso na sauti ya msanii kwenye mabango, kumzuia asitangaze kinywaji cha mshindani, na kumruhusu arekodi onyesho. Kila kimoja kina bei yake na kinahitaji mwisho wenye tarehe.

Msanii wa tamasha adai malipo ya awali kabla ya kupanda gari, na mkataba useme nini kitatokea mvua ikinyesha, umeme ukikatika au mpaka ukifungwa. Ajue pia kwamba sheria ya kodi ya mapato ya Rwanda imekuwa ikimtaka mlipaji akate asilimia 15 ya malipo ya msanii na kuipeleka Rwanda Revenue Authority. Kiasi mlichotaja ni kabla au baada ya makato hayo? Mstari mmoja ungeepusha ugomvi mwingi nyuma ya jukwaa.

Ugomvi ukishazuka

Hatua ya kwanza ni barua: eleza kazi yako, eleza ilivyotumika, taja unachotaka na siku ya mwisho ya kujibiwa. Kesi nyingi zingeishia hapo. Pale kazi inapoibwa waziwazi na kuuzwa, RIB, idara ya upelelezi ya Rwanda, hupokea malalamiko ya jinai. Madai ya fedha huelekezwa kwenye mahakama za biashara.

Kwenye YouTube mambo huenda kwa kasi nyingine. Maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli nzima. Aliyeondolewa video bila haki anaweza kupinga kwa maandishi, na mlalamikaji hupewa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba amekwenda mahakamani. Akishindwa, video inaweza kurudi. Ndiyo maana mwenye makubaliano yaliyosainiwa hujibu siku hiyohiyo, na asiye nayo hubaki kulalamika kwenye vikundi vya WhatsApp.

Mpaka huongeza ugumu. Hukumu ya mahakama ya Rwanda haitekelezwi Goma hivihivi. Lazima mahakama ya Kongo iitambue kwanza. Usuluhishi una njia pana kidogo, kwa kuwa Rwanda ilijiunga na Mkataba wa New York wa kutambua uamuzi wa wasuluhishi mwaka 2008 na Kongo mwaka 2014. Kwa mikataba mikubwa, kifungu cha usuluhishi ni akiba nzuri. Kwa kazi ndogo, taja mtu mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili atakayewapatanisha kwanza.

Na siasa haimngoji msanii. Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliichukua Goma. Benki za mji zikafungwa, na watu wengi wakawa wanavuka kuja Gisenyi kutafuta pesa. Mtengeneza biti wa Goma ambaye mkataba wake ulitaja tu "atalipwa fungu lake" hakuwa na njia. Mkataba unaotaja akaunti, namba ya simu ya kupokelea pesa na mtu mbadala wa kupokea kwa niaba yake ungemfikia hata barabara zikiwa zimefungwa.

Ukurasa mmoja kabla ya kurekodi

Wanne wetu hawahitaji kitabu cha sheria ili waanze. Wanahitaji ukurasa mmoja, wenye majina kamili na tarehe, unaosema: nani ametunga maneno na nani ametunga muziki, kwa asilimia ngapi kila mmoja. Nani mwenye rekodi, na je, ameuziwa au ameruhusiwa, kwa nchi zipi na kwa miaka mingapi. Gharama zinarudishwa kwanza au mgawo unaanza siku ya kwanza. Majina yataandikwaje kwenye kila jukwaa. Nani ana nywila ya chaneli, na wengine wataona hesabu kila baada ya muda gani. Fedha zitapita njia gani. Mkataba unavunjwaje, na nani atapatanisha.

Wapo watakaosema kwamba karatasi huua urafiki. Urafiki wa studio huuawa na ukimya: kila mmoja huweka kichwani mwake mgawo wake, na migawo hiyo hukutana kwa mara ya kwanza siku pesa zinapoingia. Anayemheshimu mwenzake humwandikia fungu lake wakati wimbo bado hauna thamani, kwa sababu hapo ndipo hakuna tamaa ya kulipunguza. Andikeni, someni kwa sauti, tieni saini wote wanne, na kila mmoja aondoke na nakala yake.